Wakili Alitaka Gauni Chafu

4 Machi

Mamkubwa mpendwa,

Shikamoo. Naamini mguu umepungua uvimbe na masufuria ya bweni bado yanakutii. Mimi ni mzima. Nimehamia kwa jirani yetu fundi cherehani, nalala kwenye chumba chake cha vitambaa, na kila asubuhi naamka na nyuzi kwenye nywele. Anakusalimu. Anasema hajasahau ulivyomgombeza kwa ajili ya pindo moja.

Shuleni, kwa ile lugha nyingine, tunafundishwa kwamba barua nzuri huanza na jambo lenyewe. Nilijaribu kukuandikia hivyo. Ilisomeka kama tangazo la msiba, nikaichana.

Jambo lenyewe ni hili. Mama yuko rumande tangu Jumanne iliyopita. Anashtakiwa kumjeruhi mume wake, baba yangu wa kambo, Cheche. Alikuja dukani kwetu kwa kufulia saa kumi alasiri tukiwa na mashuka ya nyumba ya wageni. Akasukuma komeo kwa ndani. Alikuwa amesikia kwamba Mama anatafuta chumba cha kuhamia. Alimtoa kwenye beseni kwa nywele, akamgonga uso kwenye ukingo wa meza ya kupigia pasi, mara mbili, kisha akamlaza juu ya meza hiyo na kumkaba koo. Kukatokea purukushani. Pasi ya mkaa ikampata kichwani. Yuko hospitali na hajaamka. Akifa, wanasema shitaka litabadilika na kuwa la mauaji.

Majirani walipovunja mlango, Mama aliwaambia ni yeye. Polisi nao akawaambia hivyo hivyo. Hajasema kingine.

Nilikwenda mahakamani kutafuta wakili. Kwenye korido nikamkuta mmoja wa koti la kijivu, akasoma karatasi zangu huku amesimama, anajikuna kidevu kwa kalamu. Akasema akina mama wa namna hii hukiri, wanalia kidogo, hakimu anawaonea huruma, miaka mitano inakuwa mitatu. Nilitaka kumwambia Mama alikuwa anajiokoa. Maneno nilikuwa nayo tayari kwa lugha mbili, Mamkubwa, na hata moja halikutoka. Nikamshukuru. Hebu fikiria, nikamshukuru.

Nisaidie kumpatia Mama wakili. Simu ya Mama wameichukua polisi, na unajua mimi kwenye simu nakwama. Niandikie.

Ni mimi,
Mtoto wa mdogo wako


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu uko palepale, mnene kama gogo. Tumepata mpishi msaidizi mpya anayeogopa vitunguu. Analia kabla hajavimenya.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Pole. Huyo wa koti la kijivu usimsogelee tena, na ukimwona Mama yako mwambie asikiri kitu chochote mpaka apate mtu wake. Watu wakikuuliza habari hiyo, hata mwalimu, hata huyo fundi cherehani ninayempenda, waambie unasubiri wakili. Kukaa kimya umezaliwa nako, sasa kukufae.

Yupo mwanamke mmoja aliyewahi kukaa bwenini kwetu akiwa mwanafunzi. Alikuwa akiosha sahani jikoni kwangu ili apate chakula cha jioni, na alikuwa ananibishia kila siku, hata juu ya maji ya kuoshea. Sasa ni wakili, na yuko kwenye ofisi ya msaada wa kisheria hapo hapo mjini kwenu, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Nimempigia. Anakungoja Jumatatu. Usipoweza kusema, andika kwenye karatasi umpe. Nimemwonya kwamba wewe ni mtoto wa karatasi.

Sasa na mimi nikuulize. Umeandika kwamba pasi ilimpata kichwani. Pasi haina miguu, mwanangu. Nani aliishika?

Mamkubwa wako


2 Aprili

Mamkubwa,

Shikamoo, na pole na vitunguu. Utaona mwandiko umepinda kama wa darasa la kwanza. Naandika kwa mkono wa kushoto. Ndiyo sababu nimechelewa.

Ndugu yake Cheche, yule dereva wa lori la mchanga, alinikuta nyuma ya shule Alhamisi saa saba mchana. Alikuwa na kufuli kubwa mwisho wa mnyororo. Nilidhani anakwenda kufunga geti lake. Pigo la kwanza lilinipata begani, nikasikia mfupa wa mtulinga ukilia ndani ya sikio langu mwenyewe, kama mtu anayevunja kijiti mbali. La pili lilinipata mgongoni nikiwa nimeshaanguka. Akainama, akaniambia polepole kabisa: "Cheche ameamka. Mama yako akifungua mdomo mahakamani, nitakuja kuufunga wako." Halafu akanipangusa vumbi shingoni, kama mjomba.

Kwa hiyo Cheche yu hai. Nilifurahi, na nikaona aibu kwamba nimefurahi, na sijui aibu ilikuwa ya nini.

Wakili wako nimemwona. Ni mfupi, anavaa viatu vya mpira na anabisha kweli. Nilimpa karatasi, akaisoma yote bila kujikuna. Ameshamwona Mama mara mbili. Kuhusu bega langu alinipeleka mwenyewe polisi, akasimama kaunta mpaka wakaandika, kisha hospitali, akamsubiri daktari ajaze kila mstari. Hapo ndipo aliponiambia kwamba kwa Mama haya yote hayakufanyika. Hakuna aliyempeleka kwa daktari siku ile. Alama za vidole shingoni zimeshafifia, na hakuna karatasi inayosema zilikuwepo. Mama akisema alikabwa, ni neno lake tu.

Akauliza gauni alilovaa liko wapi.

Mamkubwa, hapa nataka kukuficha lakini nitakuambia. Gauni lilichanika kutoka ukosi mpaka kiunoni. Kabla polisi hawajafika, fundi cherehani alimvua akamvika lake ili asitembee wazi mtaani. La kwake likabaki sakafuni. Polisi walichukua pasi, wakamchukua Mama, wakaniacha na ndoo na majivu. Unajua nilivyolelewa. Damu hailali kavu kwenye nguo. Maji baridi, chumvi, usitie sabuni mpaka wekundu utoke wote. Niliiloweka nguo hiyo kabla sijanawa uso. Nikaisuuza mara nne. Asubuhi nikashona mahali palipochanika, mshono wa kuficha, ule ambao Mama alinichapa nao vidole mpaka nikaujua. Nikapiga pasi ya umeme ya kuazima. Nilitaka akitoka alikute.

Wakili alilipeleka dirishani, akaligeuza ndani nje, mara tatu. Hakuona palipochanika. Nikamwonyesha kwa kidole na bado hakuona. Akasema, "Umeshona vizuri sana," kama mtu anayekupa pole. Ushahidi pekee kwamba Mama alikuwa anauawa nimeufua mimi na kuunyoosha.

Akasema sasa kilichobaki ni kuonyesha kwamba Cheche alikuwa na tabia hiyo tangu zamani. Mtaa hausemi. Cheche ndiye fundi wao wa vyuma, wote milango yao kawachomelea yeye. Mama amemwambia wakili kwamba aliwahi kukuandikia wewe. Je, barua hizo unazo?

Umeuliza nani alishika pasi. Mama ameshasema ni yeye.

Wako


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pole sana na bega. Usibebe ndoo. Nywele suka mafungu makubwa, usiinue mkono.

Huyo mwenye mnyororo ningemtia kwenye sufuria ya lita mia nikafunika. Usipite tena nyuma ya shule. Mwambie fundi cherehani akupokee getini, na aje na mkasi.

Ulichofanya na gauni ni kile ambacho mimi, mama yako na bibi yako tungefanya. Usijipige kwa hilo.

Kuhusu barua, zipi tena. Watu huandikiana mambo mengi. Nimehama chumba mara mbili hapa bwenini na karatasi hupotea. Mtafuteni shahidi mwingine, mtaa mzima hauwezi kuwa kiziwi.

Jiko limeziba bomba, nakimbilia fundi.

Mamkubwa wako


11 Mei

Mamkubwa,

Shikamoo. Fundi cherehani mzima. Bega linaunga, limeacha nundu ndogo ambayo sasa kola ya sare inaikwaruza. Kwenye mtihani wa lugha zote mbili nimefanya vizuri, sijui kwa nini nakuambia.

Mama amepigwa rumande. Mwanamke mmoja, binamu yake Cheche, alimgonga uso kwenye mdomo wa bomba la bafuni. Jino la mbele limetoka na lingine linacheza. Nilimwona mahakamani Jumatano, akicheka amefunika mdomo kwa kiganja, ili nisione. Niliona.

Cheche alikuja. Kichwa kimefungwa, sikio la kulia limekunjamana kama karatasi iliyokaribia moto. Mtaa ulijaa upande wake. Alisema alikuja dukani kuchukua shati lake, akainama kulitafuta, na mkewe akampiga kutoka nyuma. Alisema kwa upole. Mtu mmoja nyuma yangu alilia.

Kisha ikasomwa ripoti ya daktari. Kidonda kiko nyuma ya kichwa, juu ya sikio la kulia, na aliyepiga alikuwa amesimama nyuma yake. Mama ameandikisha kwamba alikuwa chali juu ya meza, amekabwa, akanyoosha mkono akapata pasi. Mwendesha mashtaka akamwuliza hakimu ni mkono gani huo wenye viwiko viwili. Watu wakacheka. Wakili hakucheka wala hakubisha, na mimi nilikuwa nimezoea kwamba anabisha. Nje, kwenye ngazi, alikaa karibu nami. Akasema hawezi kumtetea Mama kwa hadithi ambayo mwili wa Cheche unaikataa. Akasema mtu anayeokoa uhai wa mwingine naye sheria inamlinda, lakini lazima kwanza awepo. Hakuniuliza kitu. Alisema tu anajua njia ya kwa fundi cherehani na mimi najua ngazi za ofisi yake.

Mamkubwa, pasi niliishika mimi.

Nilikuwa pembeni ya rafu, nakunja mashuka. Alipomgonga Mama mara ya kwanza kwenye ukingo, damu ya pua iliruka mpaka kwenye shuka nililoshika. Nikalikunja. Alipomgonga mara ya pili nikachukua shuka jingine. Hilo sijamwambia mtu. Alimlaza, akapanda goti juu ya tumbo lake, akamkaba, na mimi nilisimama nimekumbatia mashuka kifuani. Sikupiga kelele. Unanijua, hata darasani nikiwa na jibu siinui mkono. Macho ya Mama yalitoka nje. Alikuwa anapiga ubao wa meza kwa visigino, haraka haraka, kisha polepole. Vilipoacha kupiga ndipo miguu yangu ilipokubali.

Pasi ilikuwa imejaa makaa. Niliishika kwa mikono miwili na nikampiga nyuma ya kichwa. Mlio ulikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea. Aligeuza uso, akaniangalia kama mtu aliyeitwa wakati ana kazi, lakini mikono bado iko kooni mwa Mama, vidole gumba vimezama. Nikapiga tena. Kifuniko kikafunguka, makaa yakammwagikia sikioni na ndani ya kola, nywele zikatoa moshi. Ndipo akaachia. Alianguka kwenye beseni, maji yakawa mekundu na makaa yakawa yanazomea ndani yake. Niliinua pasi mara ya tatu. Sikupiga, lakini nilitaka, na hilo nalo naliandika.

Mama alirudi kama mtu anayetoka chini ya maji. Alikohoa, akamwona chini, akaniona mimi. Watu walikuwa wameshaanza kuvunja mlango. Akanipokonya pasi, akasema kwa sauti iliyochanika: "Wewe ulikuwa unakunja mashuka. Umesikia?"

Nilimwitikia. Na kweli nilikuwa nakunja mashuka. Hilo ndilo linalonila.

Sijamwambia wakili. Mama akijua nimesema, sijui. Choma barua hii.


19 Mei

Mwanangu,

Salamu leo zisubiri.

Barua yako sikuichoma. Wala zile saba sikuzichoma, na hazikupotea. Zilikuwa ndani ya mkebe wa chai, chini ya shali zangu, tangu ya kwanza. Zimo ndani ya bahasha hii, nimezifunga kwa uzi wa jikoni. Kila moja ina tarehe na mhuri wa posta. Mpelekee wakili leo, usisubiri kesho.

Utazisoma, siwezi kukuzuia. Utaona mbavu, utaona ile mimba iliyotoka baada ya teke, utaona siku alipomchoma paja kwa fito ya kuchomelea na kumwambia ni kazi imeteleza. Na kuanzia ya pili utaona Mama yako ananijibu, kwa sababu kila moja nilimjibu. Sasa nikuambie niliyomjibu, usije ukayapata kwa hakimu. La kwanza nilimwambia ndoa haivunjwi kwa makofi mawili. Baada ya mbavu nilimwambia asimjibu akiwa amelewa. Mara ya tano aliniomba aje akae nami hapa bwenini, wewe na yeye, hata sakafuni. Nilimwambia ampikie vizuri. Mimi mpishi, mwanangu, hilo ndilo nililokuwa nalo mkononi, nikampa. Ya saba haikuomba kitu. Inauliza hali ya mguu wangu tu.

Nilisema zimepotea kwa sababu zikisomwa mahakamani, mtaa utamwona Cheche, na nyuma yake wataniona mimi nikiwa nashikilia mlango. Haya, wanione. Mwambie wakili nitakuja kuapa kwamba ni mwandiko wa mdogo wangu. Nimeshaomba ruhusa.

Kuhusu hilo jingine, nilikaa na kalamu mpaka wino ukakauka. Sikuambii useme, wala sikuambii unyamaze. Nilimwamuru mtu wa damu yangu mara sita, na umeona alikofika. Ila sikiliza. Ulisimama, ndiyo. Halafu ulikwenda. Mimi nilipata miaka minne ya kwenda na sikwenda.

Dada yake Mama yako


28 Juni

Mamkubwa,

Shikamoo. Msaidizi wako natumaini ameacha kuvililia vitunguu. Fundi cherehani anasema utakapokuja utalala kwake, na pindo hatalitaja.

Barua zako nilizipeleka siku ile ile. Nilipanda ngazi za duka la rangi nikiwa na karatasi nyingine mfukoni, niliyoiandika usiku kucha, kurasa nne. Wakili aliponyoosha mkono kuipokea, sikumpa. Nilisema kwa mdomo. Ilichukua saa mbili na nusu, na nilitapika mara moja kwenye kapu lake la takataka. Aliniuliza juu ya kila pigo: mikono ya Cheche ilikuwa wapi, visigino vya Mama viliacha lini, pasi ya tatu iliishia wapi. Mashuka nayo nikayasema. Kisha akanipeleka kwa polisi, akakaa kiti cha pembeni yangu, na kila askari aliponifokea alimwomba arudie swali taratibu. Sasa mshtakiwa ni mimi, na yeye ni wakili wangu. Kesi ya Mama amemkabidhi mwenzake wa ofisi, maana hawezi kusimama pande mbili. Walimpima Cheche upya, wakakuta kovu la makaa linashuka mpaka ndani ya kola, mahali ambapo makaa yasingeweza kumwingia mtu aliyeinama kutafuta shati. Wakazisoma zile saba.

Mwenye mnyororo amekamatwa kwa bega langu. Lakini wenzake walirusha matofali dukani Jumamosi, meza imevunjika mguu na hakuna kioo kilichobaki.

Jumanne shitaka la Mama liliondolewa. Nilimngoja kwenye korido, nimevaa sare. Alitoka amebeba mfuko wa plastiki wenye vitu vyake, akanifikia, akanipiga kofi. Mama hajawahi kunipiga usoni maisha yake yote. Lilikuwa kofi la mtu mwenye nguvu za kukamua mablanketi, nikaona rangi. Askari akamshika mkono, nikamwambia amwachie. Mama akasema, "Miezi minne. Jino langu. Na wewe umekwenda kuwaambia." Akakaa kwenye benchi akalia bila kufunika mdomo.

Siku tatu hakunisemesha. Tulifagia vioo, tukaweka matofali yao wenyewe chini ya mguu wa meza. Jana mchana, tukiwa tunasuuza mapazia, akiwa amenipa mgongo, akasema ana swali. Akasema polisi walimuuliza hivyo hivyo kila siku na kila siku alitunga, kwa sababu alikuwa hajui. Alikuwa ameshafumba macho. Kitu cha mwisho anachokumbuka ni taa ya dari. Hakujua ilikuwa muda gani mpaka nilipokuja, wala nilipiga mara ngapi, wala Cheche alikuwa amefanya nini. Akaniomba nimwambie yote, nisipunguze kwa kumwonea huruma.

Nikamwambia. Nilianza na mashuka. Nilipofika kwenye visigino aliacha kusuuza, akaniuliza viliacha kabisa au vilipungua. Nikamwambia viliacha kabisa.

Maji yakamdondoka kwenye viwiko.

"Kumbe nilikuwa nakufa," akasema.

Kesi yangu inatajwa tarehe 9 Julai, mahakama ya watoto, saa tatu asubuhi. Wakili anasema hawezi kuniahidi kitu ila kwamba hatakaa chini. Mama amesema atakuja, na kwamba akiulizwa atajibu anayoyajua tu, kwamba alikuwa anakufa. Amenituma nikuambie upande basi la tarehe 7, na kwamba utalala kwetu, kitanda ni kimoja, mtabanana.

Wako